Picha za maji yanayotiririka: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kila ninapomwonesha mtu picha ya maporomoko ya Kakombe, yale yaliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambamo maji yametoka meupe na laini kama moshi wa alfajiri, swali la kwanza huwa ni programu gani iliyotumika kuyalainisha. Wanaouliza wengi wao ni vijana wa hapa Kigoma wanaopiga picha za harusi na mahafali, wanaozijua kamera zao vizuri, na kwa sababu hiyo swali lao halistahili kupuuzwa. Jibu ni kwamba hakuna programu iliyotumika. Shata, yaani lile pazia dogo linalofunguka na kujifunga ndani ya kamera, liliachwa wazi kwa nusu sekunde, na maji yakapita mbele yake. Dhana hiyo, hata hivyo, ina ndugu zake kadhaa, na baadhi yao wamewagharimu watu fedha na safari nzima za kwenda Gombe kwa boti.

"Maji laini ni ujanja wa kompyuta"

Maji laini katika picha yana umri mkubwa kuliko kompyuta kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1838 Louis Daguerre wa Ufaransa, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple mjini Paris, na ingawa mtaa ule ulikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, katika picha unaonekana karibu mtupu, kwa sababu sahani ya wakati ule, yaani bamba lililopakwa dawa ya kunasa picha, ilihitaji dakika kadhaa za mwanga na chochote kilichosogea hakikuacha alama. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Carleton Watkins alipopiga picha za maporomoko ya Yosemite nchini Marekani mwaka 1861, maji yake yalitoka kama pazia la kitambaa, si kwa sababu alipenda hivyo, bali kwa sababu sahani zake hazikumpa njia nyingine. Kilichowashangaza watu wa zama hizo kilikuwa kinyume kabisa na kinachotushangaza sisi: miaka ya 1850 Gustave Le Gray wa Ufaransa alisifiwa kwa kuweza kulisimamisha wimbi la bahari lionekane na umbo lake.

Wengine hukubali historia hiyo lakini hubaki wakisema kwamba picha ya namna hii ni ya uongo, kwa kuwa jicho halioni maji hivyo. Ni kweli jicho haliyaoni hivyo. Lakini jicho haliyaoni pia kama picha ya sekunde 1/2000 inavyoyaonesha, yakiwa matone yaliyoganda hewani kama shanga zilizokatika uzi, na sijawahi kumsikia mtu akiiita picha hiyo ya uongo. Zote mbili zinarekodi jambo lililotokea kweli mbele ya lenzi. Zinatofautiana katika urefu wa muda zilioukusanya.

"Kadiri muda unavyorefuka, ndivyo picha inavyopendeza"

Hapa ndipo ninapoona kazi nyingi nzuri zikiharibika, na ndipo ninapotaka kukaa zaidi. Mpiga picha akishajua kwamba nusu sekunde hulainisha maji, hudhani sekunde 30 zitayalainisha vizuri mara 60. Tuchukue maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya kawaida ya kijito chenye mteremko. Katika sekunde 1/500 maji hayo husogea milimita 4, nayo picha itayaonesha kana kwamba yamesimama. Katika sekunde 1/15 husogea sentimita 13 hivi, na kila povu huanza kuchora mstari mfupi. Katika nusu sekunde husogea mita nzima, na mistari huungana kuwa nyuzi ndefu zinazoonesha maji yalikotoka, yalipojikunja kulizunguka jiwe, na yalikoelekea. Katika sekunde 10 yamekwenda mita 20, mistari imepandiana mara nyingi mno, na kilichobaki ni weupe usio na mwelekeo.

Muda unaofaa, basi, hutokana na kasi ya maji yenyewe na upana wa eneo lililomo kwenye picha. Maji yaliyosogea mita moja katika picha inayoonesha upana wa mita 2 yamevuka nusu ya picha. Maji hayohayo katika picha ya bonde lenye upana wa mita 40 yamesogea kidogo sana, nayo yanaweza kuhitaji muda mrefu zaidi ili ulaini uonekane. Kwa maji yanayoanguka kwa nguvu mimi huanzia kati ya sekunde 1/8 na sekunde 1, kisha natazama, naongeza au napunguza. Kwa mawimbi yanayopanda ufukoni Katonga na kurudi, nusu sekunde au sekunde moja wakati maji yanaporudi ziwani huacha michirizi mizuri juu ya mchanga, ilhali sekunde 30 huligeuza ziwa kuwa ukungu unaozingira mawe. Ukungu huo una mahali pake, hasa jioni upepo unapolivuruga ziwa kwa mawimbi madogo yasiyo na umbo la kuvutia, lakini ni vyema uchaguliwe kwa makusudi.

Kinachochora mistari katika maji ni povu, viputo na mng'ao wa mwanga. Mahali ambapo Mto Malagarasi unakwenda taratibu bila povu, unaweza kuacha shata wazi utakavyo na usipate nyuzi hata moja. Utapata uso uliotulia kama kioo chenye vumbi. Mahali unapoporomoka, kama pale Igamba, mambo hubadilika. Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, mito huongezeka nguvu na hubeba udongo, na maji ya kahawia yakilainishwa mno hufanana na uji uliomwagika. Kwa maji ya namna hiyo napendelea kasi ya kati ya shata, sekunde 1/30 au 1/15, ambayo huacha ukali wa mto uonekane.

Tahadhari nyingine ni weupe. Povu linalopita mahali palepale kwa muda mrefu hurundika mwanga juu ya mwanga, na sehemu ya picha ikishakuwa nyeupe kabisa hakuna programu itakayoirudishia sura iliyopotea. Ni afadhali picha itoke na giza kidogo kuliko maji yaungue.

"Jua kali ndilo linaloleta picha nzuri"

Kwa picha za familia uani pengine jua husaidia. Kwa maji ni adui, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jua linalopenya kati ya majani huacha mabaka meupe na meusi ambayo kamera haiwezi kuyabeba kwa pamoja. Ya pili ni hesabu tu: mchana wa jua kamili, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100 na tundu la lenzi likiwa f/16 (namba ya f ikikua, tundu hupungua), picha sahihi huhitaji takribani sekunde 1/100, muda ambao hautoshi kulainisha chochote. Siku ya mawingu, ukiwa chini ya msitu wa Kakombe ambako mwanga hufika umechujwa na majani, sekunde nzima hupatikana bila kifaa chochote cha ziada.

Sisi wa Kigoma tuna neema ambayo wageni huisahau. Saa ya Tanzania ni moja, lakini jua hutufikia dakika 40 hivi baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo huku huchomoza karibu saa moja asubuhi, na mpiga picha hahitaji kukesha ili awahi mwanga laini. Asichelewe pia, maana karibu na ikweta jua hupanda na kushuka wima, na ule mwangaza wa kabla ya jua hauzidi dakika 25. Stendi ya kamera iwe imesimama kabla yake. Jioni, jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hali ni hiyohiyo.

Mwanga ukizidi, wengi hufunga tundu la lenzi hadi f/22 wakidhani wamepata muda wa bure. Wanalipa kwa ukali wa picha, kwa kuwa mwanga unaopita katika tundu dogo hujitawanya, na majani na mawe hupoteza ncha zao. Lenzi nyingi hutoa picha kali zaidi karibu na f/8 au f/11. Njia bora ni filta ya kupunguza mwanga, inayoandikwa ND na namba. Namba hiyo hueleza muda unazidishwa mara ngapi: pale penye sekunde 1/100, ND8 itakupa karibu sekunde 1/12, ND64 itakupa zaidi kidogo ya nusu sekunde, na ND1000 itakupa sekunde 10. Ukitumia hiyo ya mwisho, panga picha na weka fokasi kabla ya kuifunga, kwa sababu baada ya hapo kamera haioni karibu chochote, kisha zima fokasi ya kujiendesha ili isihangaike gizani.

Filta ya polaraiza ni kitu kingine, ingawa madukani huchanganywa. Hupunguza mwanga kidogo tu, lakini huondoa mng'ao juu ya maji na juu ya majani yaliyolowa. Ukiizungusha ukiwa ufukoni, uso wa Ziwa Tanganyika hufunguka, na mawe ya chini pamoja na samaki wanaozunguka kati yake huonekana. Huweza pia kufuta upinde wa mvua unaojitokeza kwenye rasharasha za maporomoko, kwa hiyo izungushe ukiwa unatazama.

Asiye na fedha ya filta anaweza kutumia kioo cheusi cha kofia ya fundi wa kuchomelea, kilichobanwa vizuri mbele ya lenzi. Picha itatoka na rangi ya kijani kibichi iliyokolea, ambayo hurekebishwa kwa shida. Ukiigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, tatizo limekwisha. Nimekiona kikitoa picha ambazo ningeona fahari kuzitundika ukutani.

"Ukishakuwa na stendi, kamera haitatikisika"

Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima, lakini haitoshi. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima Katonga kwa kusimika stendi kwenye mchanga uliolowa: kila wimbi lililorudi lilichimba mchanga chini ya miguu yake, kamera ikawa inazama polepole, na sikuligundua hilo mpaka nilipozikuza picha nyumbani, nikakuta mawe nayo yamelainika pamoja na maji. Tangu siku hiyo hutafuta mwamba, au huikandamiza miguu ya stendi ndani ya mchanga mpaka ikatae kwenda zaidi. Mguso wa kidole nao hutikisa kamera, na dawa yake ni kutumia kipima muda cha sekunde 2. Kizuia mtikisiko kilichomo kwenye lenzi ni vyema kizimwe, kwani baadhi ya lenzi zikiwa juu ya stendi huleta mtikisiko zenyewe.

Kitu ambacho stendi haikizuii ni upepo. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini mashariki huvuma ziwani, na majani yanayoyazunguka maji hucheza. Hapo unaweza kupiga picha mbili bila kuigusa stendi, moja ya muda mrefu kwa ajili ya maji na moja ya haraka kwa ajili ya majani, kisha ukaziunganisha. Le Gray aliunganisha negativi mbili, ya anga na ya bahari, kwa hiyo sioni aibu katika jambo hili, ilimradi anayeuliza aambiwe ukweli.

"Simu haiwezi"

Inaweza. Simu janja nyingi zina sehemu ya kitaalamu inayoruhusu kuchagua muda wa shata, na baadhi hupiga picha nyingi fupi mfululizo kisha kuzichanganya kuwa moja. Picha 16 za sekunde 1/8 zikichanganywa hutoa ulaini wa takribani sekunde 2. Tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki, ndiyo maana mchana picha hujaa weupe. Nenda alfajiri, iegemeze simu kwenye jiwe, na usiishike.

"Nitapiga nikiwa kwenye boti"

Hili husikika sana Kibirizi, kwa wanaosubiri boti za kwenda Gombe. Boti husogea, na stendi iliyosimama juu yake husogea nayo, hivyo mwambao wote utalainika na hakuna jiwe litakalobaki thabiti. Ukiwa majini, tumia kasi kubwa ya shata na uridhike na mawimbi yaliyoganda. Shuka kwanza. Hata kutoka ufukoni, mtumbwi uliofungwa kwa kamba utayumba na kutoka na kingo zilizofifia, isipokuwa ule uliovutwa mchangani. Usiku mambo hugeuka: taa za wavuvi wa dagaa, ambazo kwa macho ni nukta zilizotawanyika gizani, katika sekunde 30 huchora mistari mifupi inayofuata kupanda na kushuka kwa kila mtumbwi. Chagua usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi hubaki nyumbani.