Mafungo si kufunga kula: yanayosemwa kuhusu masista wa ndani na wageni wao

Nilipomwambia jirani yangu, Mwislamu, kwamba naenda mafungo ya siku nne kwa masista Wakarmeli, watawa wa ndani wanaoishi daima ndani ya ugo wa nyumba yao, alinionea huruma. "Na jua hili! Mnafungua saa ngapi?" Nikacheka, nikamweleza kwamba mafungo ni siku za kujitenga na kusali kimya. Wiki hiyohiyo, kwenye jumuiya yetu ndogondogo, mama mmoja Mkatoliki wa kuzaliwa akaniuliza kama vidonda vyangu vya tumbo vitastahimili. Hapo nikaacha kucheka.

Ni kweli neno linatokana na kufunga, lakini kinachofungwa kwanza ni mlango. Ndilo agizo la Mathayo 6:6: ingia chumba cha ndani, funga mlango, usali kwa Baba aliye sirini. Wenyeji wangu ndio wanaofunga hasa. Kanuni ya Karmeli inawataka wajinyime nyama mwaka mzima, isipokuwa mgonjwa au dhaifu, na wafunge tangu Kutukuka kwa Msalaba, 14 Septemba, hadi Pasaka. Mgeni hahusiki. Mimi nilikula mara tatu kwa siku: uji, ugali na maharage, mchicha wa bustanini kwao, na siku moja samaki. Mtakatifu Benedikto, ambaye kanuni yake hufuatwa na watawa wengine, katika sura ya 53 anaagiza mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, hata anamruhusu mkuu wa nyumba avunje mfungo wake ili ale na mgeni. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo aende tu, ila aseme mapema.

"Wale wameweka kiapo cha kutoongea."

Hili nimelisikia mpaka kwa makatekista. Hakuna nadhiri ya ukimya. Wakarmeli wanaweka nadhiri za usafi, ufukara na utii. Wanaofuata kanuni ya Benedikto, wakiwemo Watrapisti kama masista wa Butende karibu na Masaka, Uganda, wanaahidi kudumu katika jumuiya moja, kuongoka kimwenendo, na utii. Sifa ya ububu imewaandama Watrapisti kwa sababu kwa karne nyingi walitumia ishara za mikono kuombana chumvi au jembe, desturi iliyolegezwa sana baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960. Hata hivyo ilikuwa desturi, haikuwa nadhiri.

Na Karmeli? Teresa wa Avila, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya mageuzi mwaka 1562, aliandika kwenye katiba zake kwamba baada ya chakula masista wakae pamoja wazungumze, kila mmoja na kazi yake ya mkono. Jioni ya pili nilikuwa nimekaa barazani kwa wageni, upande wa pili wa ukuta wa ugo. Kengele ikagonga, na ghafla kikapasuka kicheko cha wanawake kumi na zaidi, mmoja akisimulia jambo, wengine wakimkatiza. Nilidhani kuna mgeni kaleta habari. Ilikuwa saa yao ya maongezi tu, na iko kila siku. Kengele ikagonga tena, kimya kikarudi kana kwamba mtu kazima redio.

Kimya kipo basi, na kinatunzwa. Kinachowapotosha watu ni kudhani kwamba kimya kinaleta amani papo hapo. Mimi siku ya kwanza kilinipa kelele. Niliingia chumbani: kitanda, meza, kiti, msalaba, Biblia. Nikakaa. Ndani ya dakika kumi nilikuwa nimekumbuka deni la kikoba, mtungi wa gesi niliouacha bila kuukagua, na maneno ambayo wifi yangu aliniambia msibani miaka mitatu iliyopita, nikaanza kumjibu upya, safari hii vizuri zaidi. Simu ilikuwa mkobani. Hakuna aliyeninyang'anya, na hilo nalo watu hulidhania. Niliishika mara nyingi kuliko rozari. Nilipomlalamikia sista wa mapokezi kwamba nimekuja kusali na ninachoweza ni kusinzia na kugombana kichwani, akasema, "Lala kwanza, mama. Mungu haondoki." Nikalala kwa muda wa saa tatu, mchana kweupe. Wanaofika huko na kuondoka siku ya pili wakisema "hakuna kitu" nadhani wengi huwa wameishia hapo, kwenye zile kelele.

"Kuna maombezi mazito, watu wanafunguliwa."

Hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Tumezoea semina: mwimbishaji, mhubiri, mikono juu, shuhuda. Kwa masista wa ndani hakuna mhubiri. Unapewa ufunguo na karatasi ya ratiba: Masifu ya asubuhi, Misa, sala ya mchana, Masifu ya jioni, sala kabla ya kulala. Masista wanasali upande wao nyuma ya wavu wa chuma, wewe upande wako, na hakuna anayehesabu kama umekuja. Zaburi zinasomwa polepole, kwa kupokezana, na ukizoea unaanza kupumua nazo. Padre wa kitubio anapatikana kwa siku na saa zake. Anayetaka kuongozwa hatua kwa hatua atafute nyumba inayotoa Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignasi, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Kwa ukamilifu wake huchukua kama siku 30, na yapo pia ya siku nane. Ni mafungo ya namna nyingine kabisa, na hayana ubaya. Ila usiende Karmeli ukidai yale.

Maombi wanapokea, tena mengi. Kwenye chumba cha mapokezi kuna kisanduku cha mbao kilichochomekwa ukutani, kinazunguka. Unaweka karatasi yako, unakisukuma, kinageuka, mkono usiouona unachukua. Nimeona mtu akiweka picha ya pasipoti ya mwanawe. Nimeona mwingine akiweka mkungu wa ndizi, ukakwama.

Wapo pia wanaohofia kwamba binti akienda atabakizwa huko: mama zangu, tulieni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 643, inabatilisha unovisi (kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza) wa aliye chini ya miaka 17, wa aliye kwenye ndoa, na wa aliyeingizwa kwa nguvu au vitisho. Tena tangu mwongozo wa Vatikano wa mwaka 2018 kuhusu wamonaki wa ndani, njia imerefushwa: angalau mwaka mmoja wa kuwa mtarajiwa, mwaka wa upostulanti, yaani maandalizi ya unovisi, miwili ya unovisi, mitano ya nadhiri za muda. Miaka tisa kabla ya nadhiri za daima! Siku nne za binti yako hazimfungi kwa lolote. Mgeni hata havuki ugo, analala nyumba ya wageni, na zipo nyumba zinazopokea wanandoa, wanaume, na wasio Wakatoliki. Asiye Mkatoliki haombwi abadili dini, ila wakati wa komunyo atabaki kwenye benchi.

"Wamekimbia dunia, wanakula sadaka." Wanaosema hivi wangeingia chumba cha hostia, yaani mikate ya Misa. Unga wa ngano na maji, basi, maana sheria hairuhusu kingine. Uji unamiminwa kwenye chuma cha moto, unabanwa, unatoka mkate mwembamba kama karatasi. Haukatwi hapohapo, utavunjika. Unaachwa kwanza unyonye unyevu kidogo, ndipo unakatwa miduara. Umeme ukikatika katikati, kazi imelala. Vipande vya pembeni wanagawiwa watoto wa jirani, ambao huvitafuna kama bisi. Na kuhusu kukimbia dunia, Teresa wa Mtoto Yesu aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15, hakutoka tena, akafa na 24. Mwaka 1927 Kanisa likamfanya msimamizi wa misioni, pamoja na Fransisko Ksaveri aliyevuka bahari hadi Japani.

Bei? Nyumba nyingi zinakupa bahasha tu. Bahasha si bure. Piga hesabu ya gesti ya kawaida mjini pamoja na chakula, uanzie hapo. Vyumba ni vichache, kwa hiyo omba nafasi wiki kadhaa mapema, na beba sweta na tochi. Ndala zako zijaribu kwanza nyumbani kwenye sakafu ya saruji. Zangu zililia pata-pata kanisa zima wakati wa sala kabla ya kulala, na nyuma ya wavu nikasikia mtu akijizuia kucheka.