Kebo haikuanza na chaneli za kulipia

DHANA: Kebo (tivii inayoletwa nyumbani kwa waya) ilianzishwa ili kuuza chaneli spesho.

Hapana jamani. Mwanzoni watu wa kebo hawakuwa na chaneli hata moja ya kwao, walichokuwa wanauza ni antena. Mnakumbuka mmoja yuko nje anazungusha mlingoti, mwingine ndani anapiga kelele "hapo hapo, usiguse!"? Sasa Lansford, mji wa makaa ya mawe kule Pennsylvania, Marekani, hata ungezungusha mpaka asubuhi hupati kitu maana milima imeziba mawimbi ya stesheni za tivii za jiji la Philadelphia. Robert Tarlton alikuwa na duka la redio na tivii, na nani anunue tivii inayoonyesha chenga tupu? Mwaka 1950 yeye na wenzake wakasimika antena mlimani wakashusha waya mpaka majumbani, kuunganishiwa dola 125 halafu dola 3 kila mwezi. Mawimbi yanachoka kadiri waya unavyorefuka, so njiani kwenye nguzo lazima ufunge amplifaya za kuyapa nguvu upya, na hapo ndo gharama ilipo. Stesheni zenyewe zilikuwa hazilipwi kitu, na mwaka 1968 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikasema sio wizi. Sheria ya 1976 ndo ikaleta malipo ya hakimiliki.

DHANA: Dishi na kebo ni maadui tangu zamani.

Ushindani ulikuja baadaye kweli, ila dishi ndo lililoinyanyua kebo. HBO, chaneli ya kulipia, ilianza Novemba 1972 Wilkes-Barre, hukohuko Pennsylvania, na wateja 365 tu. Halafu 1975 mabondia Ali na Frazier wakapigana Manila, HBO wakalirusha pambano kwa setilaiti, watu wa kebo Florida na Mississippi wanaliona laivu! Kuanzia hapo kampuni ya mtaani ikiwa na dishi kubwa inanasa chaneli ya mbali na kuisambaza kwa waya, ndo njia waliyopita CNN (1980) na MTV (1981).

DHANA: Huuziwi chaneli mojamoja kwa sababu mitambo haiwezi.

Inaweza vizuri tu, kinachozuia ni mkataba. Mwenye chaneli analipwa kwa kila mteja kila mwezi, awe anaiangalia au haiangalii, so akiwa na chaneli kubwa anadai iwekwe kwenye kifurushi cha wengi na anazibebesha na zake ndogondogo humohumo. Hii inaniuma sana, maana kuna bibi Marekani hajawahi kuangalia mechi hata moja na bado kila mwezi anailipia ESPN, chaneli ya michezo.