Karatasi ambayo Mika Brzezinski alikataa kuisoma

Juzi kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo alikuwa anaangalia kwenye simu ile video ya Juni 26, 2007 ya Mika Brzezinski, mtangazaji wa Marekani aliyekataa hewani kusoma habari aliyopewa. Akaniuliza: "Dada, samahani, huyu kazi yake si kusoma? Sasa anakataa nini?" Nilikuwa nimebakiza dakika kumi niingie hewani, nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Swali hilohilo nimeshaulizwa na shemeji yangu, na dereva wa bodaboda, na siku moja mwalimu mkuu aliniuliza mbele ya wanafunzi wake. Nimechoka kulijibu nikiwa mbioni, kwa hiyo leo nakaa chini.

Kipindi cha asubuhi cha Morning Joe, cha kituo cha televisheni cha MSNBC, kilikuwa bado kichanga. Kilianza baada ya mtangazaji Don Imus kuondolewa hewani Aprili mwaka huohuo, na Mika ndiye aliyesoma habari katikati ya mazungumzo ya wenzake. Asubuhi hiyo skripti ilimtaka aanze na Paris Hilton, nyota wa burudani, aliyekuwa ametoka jela Los Angeles usiku uliotangulia. Seneta Richard Lugar, mzee mwenye uzito katika chama cha Republican, alikuwa ametoka kupingana na Rais Bush kuhusu vita vya Iraq, na habari yake ikawekwa nyuma ya Hilton. Mika akagoma. Akataka kuichoma karatasi kwa kiberiti cha gesi, mtangazaji mwenzake Willie Geist akamzuia. Baadaye nakala nyingine ikaishia kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Wanaoisambaza video hiyo wanafurahia kiberiti. Wachache wanasikia alichokuwa anasema, kwamba habari hiyo haistahili kuwa ya kwanza. Ya kwanza! Nikisema hivyo kwa watu wasiofanya kazi hii, wananiona nashughulika na mambo madogo. Lakini mtu aliyewasha televisheni huku anachemsha chai hasikilizi taarifa nzima. Anasikia ya kwanza, labda na ya pili, kisha anarudi jikoni akiamini kwamba hilo ndilo kubwa lililotokea duniani leo. Mtazamaji huyo hamjui aliyepanga orodha ya habari, wala hajawahi kumwona mhariri wa zamu. Anayemjua ni yule aliyemtazama machoni akamwambia "habari zenu". Ukiisoma ya kwanza, umeiwekea dhamana kwa sura yako, hata kama hukuandika neno hata moja.

Hili sikulijifunza darasani. Miaka ya nyuma, kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi, nilisoma habari ya ajali ya basi. Skripti ilisema basi lilikuwa limejaa, na "watu saba tu" wamefariki. Aliyeandika alikuwa anashukuru Mungu kwamba wengi wamepona, namwelewa. Niliiona ile "tu" kwenye teleprompta, kioo kinachotuonyesha maneno ya kusoma, ikipanda kuelekea kwangu, moyo ukashtuka, mdomo ukaisoma. Kabla hata sijavua kipaza sauti, simu ya mapokezi ikalia. Mama mmoja aliuliza kama nilimaanisha kaka yake ni "tu". Nilikuwa na sekunde mbili za kuliruka neno lile na sikuliruka. Basi mtu akiniambia kazi yangu ni kusoma, namkumbuka mama yule.

Wengine husema Mika alikuwa na ubavu wa kugoma kwa sababu ya baba yake. Baba ni Zbigniew Brzezinski, mzaliwa wa Warsaw, 1928, aliyekuwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Carter kuanzia 1977 hadi 1981. Sikatai kwamba ukiwa na jina hilo Washington, simu yako inapokelewa. Ila mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mika alikuwa kwenye vituo vya Hartford, Connecticut, na alipoingia mtandao wa televisheni wa CBS 1997 alipewa kipindi cha usiku wa manane, wakati nchi imelala. Septemba 11, 2001 alikuwa mubashara karibu na World Trade Center mnara wa kusini ulipoporomoka. Hakuna aliyemwandikia skripti ya dakika ile. Mwaka 2006 CBS wakaachana naye, na aliporudi MSNBC Januari 2007 alirudia kusoma habari fupifupi. Kwa hiyo asubuhi ya Hilton alikuwa mtu aliyeonja kukosa kazi mwaka mmoja tu kabla.

Na jina lenyewe ni kazi. Mzee alipofariki Mei 2017, nililiandika kwa penseli pembeni ya karatasi, vipande vitatu, nikalirudia chooni mara sijui ngapi. Kipolandi kinaanza na B halafu sauti moja nzito inayoandikwa "rz", na ulimi wa Mswahili unataka kuchomeka irabu katikati. Wamarekani hurahisisha, husema karibu na "Brezhinski", na familia yenyewe huko imezoea hivyo. Nilichagua la Marekani. Je, nilimpunguzia Mpolandi wa watu jina lake? Mpaka leo sijaridhika.

Kuna kingine kinachonisumbua kuhusu ile video, na vitabu vya kufundishia utangazaji havikigusi. Skripti ile iliandikwa na mtu, pengine kijana wa zamu ya usiku, aliyekuwa bado chumba cha habari wakati karatasi yake inachanwa mbele ya nchi nzima. Mimi ningetaka ugomvi uishie kwenye kikao cha asubuhi. Halafu najiuliza: ni vikao vingapi nimeshinda kwa hoja, nikaingia studio nikakuta orodha ni ileile? Vingi. Kwa hiyo siku nyingine namlaumu, siku nyingine natamani ningekuwa na kiberiti chake.

Jana usiku, baada ya taarifa, nilimpa yule kijana skripti zangu na penseli nikamwambia akate neno ambalo yeye asingekubali kulitoa mdomoni. Alikata mawili. La pili nilikuwa nimelisoma hewani saa moja kabla, na sikuwa nimeliona.