Mistari na rangi katika uchoraji wa wahusika wa kidijitali: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Anayejifunza kuchora wahusika kwa kompyuta, tableti au simu hupewa ushauri mwingi, na sehemu kubwa yake huhusu vifaa: nunua kalamu hii, pakua brashi ile, hamia programu fulani. Si kwamba ushauri huo ni wa uongo, ila hufunika jambo la msingi. Mstari na rangi vina kazi moja, nayo ni kumwonyesha mtazamaji umbo limekaaje na nuru inatoka wapi. Dhana nyingi zinazowakwamisha wachoraji huzaliwa pale kazi hiyo inaposahaulika.

"Mistari yangu inatetemeka kwa sababu kifaa changu ni duni"

Mara nyingi sivyo. Mtetemo huja mkono unapokwenda polepole mno, tena kwa kifundo cha mkono peke yake. Kifundo kina upeo mfupi: ukikilazimisha kuvuta mstari mrefu wa mgongo au wa vazi, kitaupinda kufuata tao lake chenyewe. Mistari mirefu ivutwe kwa kiwiko na bega, kwa mkupuo mmoja, jicho likitazama mahali mstari unakoishia wala si ncha ya kalamu. Ukikosea, futa uvute tena. Hiyo ndiyo neema ya kuchora kidijitali, na sioni kwa nini mtu aone haya kuitumia.

Hata hivyo vifaa navyo vina kasoro zake, na ni bora kuzipima kuliko kuzikisia. Weka rula kwa mshazari juu ya tableti, kisha pitisha kalamu polepole ukifuata ukingo wake. Mstari ukitoka na mawimbi ilhali rula imenyooka, kifaa kina tatizo kweli. Ukitoka umenyooka, tafuta sababu mkononi. Kagua pia uwiano wa eneo la kuchorea na wa skrini. Skrini ikiwa ya 16:9 na eneo la tableti ni la 4:3, kila duara litatanuka na kuwa yai, na mchoraji atajilaumu bure kwa miezi. Mipangilio ya tableti ina sehemu ya kusawazisha hilo.

Viwango vya mgandamizo vinavyotangazwa, yaani hatua ngapi za nguvu ya mkono kalamu inazitambua, 8192 dhidi ya 2048, havistahili kelele zinazopigwa. Chenye athari ni mkunjo wa mgandamizo ndani ya programu, yaani ni kiasi gani cha kukandamiza kinatoa unene gani wa mstari. Mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi hawawezi kutumia mkunjo mmoja, na wengi hawajawahi kuugusa.

Stabilaiza, zana ya programu ya kutuliza mstari, nayo hupewa sifa kupita kiasi. Hulainisha mstari kwa kuuchelewesha nyuma ya kalamu, kwa hiyo kona kali hupoteza makali. Ipandishe kwa nywele ndefu na mikunjo ya nguo, uishushe kwa vidole, kope na pembe za midomo.

"Mistari ya mwisho ni kufuatisha rasimu kwa usafi"

Hii ndiyo sababu michoro mingi huwa hai kwenye rasimu na kukauka baada ya kusafishwa. Rasimu ina mistari mitatu minne penye ukingo mmoja, na jicho huchagua lenyewe ulio bora. Anayefuatisha huchagua mmoja bila kufikiri, akaupitia polepole, na mwendo wote wa mwili ukapotea. Mistari ya mwisho ni kuchora upya ukiwa na rasimu kama ramani. Fifisha leya ya rasimu, yaani tabaka la mchoro lenye rasimu, uigeuze samawati, kisha jiulize kwa kila mstari: hapa ni mfupa, nyama au kitambaa? Mfupa wa kiwiko hauchorwi kwa mwendo uleule wa tumbo au shavu.

Kukuza picha hadi asilimia 400 huongeza tatizo. Unasafisha sehemu ambayo hakuna atakayeiona, huku uwiano wa uso ukiharibika nje ya macho yako. Geuza turubai kama kioo kila baada ya muda. Jicho moja lililopanda juu ya jingine litajitokeza papo hapo.

Kuhusu unene, wapo wanaoamini kwamba kila mstari lazima uanze mwembamba, unenepe katikati na kuisha mwembamba. Ukifanya hivyo kila mahali, mwili mzima utaonekana kama umesukwa kwa nywele. Unene una sababu: mahali umbo moja linapopita mbele ya jingine, chini ya kidevu, kwapani, unyayo unapokutana na ardhi. Upande unaopigwa na nuru, mstari unaweza kuwa mwembamba hata kukatika. Alphonse Mucha, katika mabango aliyochora Paris miaka ya 1890, alizungushia umbo la nje mstari mnene na kuiacha ya ndani iwe myembamba. Mwanamke wa bango akasomeka tangu mbali. Mistari ya unene mmoja nayo si kosa. Vibonzo vingi vya Ubelgiji vimejengwa juu yake, ila hudai umbo liwe sahihi kabisa kwa sababu hakuna unene wa kulisaidia.

"Kivuli ni rangi ileile ukiongeza nyeusi"

Hapa ndipo rangi hufa. Kivuli ni mahali ambapo chanzo kikuu cha nuru hakifiki, lakini nuru nyingine bado inafika. Nje mchana wa jua, kivuli hupokea nuru ya anga la bluu, kwa hiyo huelekea ubaridi. Karibu na ardhi nyekundu, sehemu ya chini ya taya hupokea wekundu ulioruka kutoka ardhini. Nyeusi haisemi lolote kati ya hayo.

Kutokana na ukweli huo imezuka dhana nyingine potofu, kwamba kila kivuli sharti kiwe cha zambarau au bluu. Mhusika aliyekaa chini ya taa baridi ndani ya chumba chenye kuta za manjano atakuwa na vivuli vyenye joto. Amua kwanza mazingira, ndipo uchague rangi. Hata modi ya kuzidisha (Multiply), njia mojawapo ya leya kuchanganyika na zilizo chini yake, ambayo wengi huiona kama kitufe cha kivuli, inahitaji uamuzi huo. Huzidisha thamani za leya mbili: nyeupe haibadilishi kitu, nyeusi hufunika vyote, na kijivu hupunguza mwanga tu bila kuleta rangi mpya. Ukijaza leya hiyo kijivu, umeongeza nyeusi kwa njia ndefu.

Ngozi inastahili uangalifu wa pekee. Nuru huingia kidogo ndani yake, ikatawanyika na kutoka ikiwa na wekundu. Ndiyo maana sikio lenye jua nyuma yake huwaka, na mpaka wa nuru na kivuli kwenye uso hukolea joto. Ngozi nyeusi hunyonya zaidi nuru inayoingia, lakini nuru inayorudi kutoka juu ya ngozi haipungui, na kwa kuwa msingi ni wa giza, ming'ao hiyo huonekana wazi zaidi. Anayeichora kwa kahawia, nyeusi kwenye kivuli na nyeupe kwenye mng'ao hupata ngozi ya majivu. Mng'ao wa paji la uso na bega uchukue rangi ya kinachoangaza: samawati ya anga, dhahabu ya jua la jioni, rangi ya taa. Nimeona michoro mingi yenye ustadi mkubwa wa nguo na nywele ikiangukia hapa, na inauma, kwa sababu ngozi hiyo ina utajiri wa rangi usio kifani.

"Rangi ikiwa sahihi kwenye kidirisha cha kuchagulia rangi, itakuwa sahihi kwenye picha"

Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, kilichofuma vitambaa vya mapambo ya ukutani huko Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana zimefifia. Aligundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Rangi za jirani ndizo zilizobadilisha namna jicho lilivyoiona. Alichapisha kazi yake kuhusu jambo hilo mwaka 1839. Kijivu kando ya chungwa huonekana kama bluu. Kwa hiyo weupe wa macho ya mhusika aliye kivulini unaweza kuwa kijivu cha giza kabisa na bado ukasomeka kama weupe.

Kidirisha hudanganya pia kuhusu mwangaza. Njano safi na bluu safi zote huandikwa asilimia 100, ilhali katika mfumo wa rangi wa skrini za kawaida, kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwangaza tunaouona, nyekundu 21 na bluu 7 tu. Njano, iliyo kijani na nyekundu pamoja, hukaribia nyeupe. Bluu hukaribia nyeusi. Ili kuona ukweli, weka juu ya leya zote leya iliyojazwa nyeupe katika modi ya rangi (Color), nayo itageuza picha kuwa ya kijivu. Ikiwa uso unapotelea ndani ya nywele, tatizo ni giza na mwanga, wala hakuna brashi itakayoliponya. Baada ya hapo funga uwazi wa leya ya mistari, ili rangi ishike kwenye mistari tu, na uipake rangi: kahawia nyekundu kando ya ngozi, bluu ya giza kwenye nguo. Mistari huacha kuonekana kama uzio.

Mengine kwa haraka. Kutazama picha halisi si udanganyifu. Mucha mwenyewe aliwapiga picha wanamitindo wake. Leya nyingi si ustadi. Na namba 300 ya ubora wa chapa (nukta kwa inchi) haibadilishi chochote kwenye skrini, kwani kinachohesabika hapo ni idadi ya pikseli. Ukikusudia kuchapa ukurasa wa A4, anza na pikseli 2480 kwa 3508, na ujue tangu mwanzo kwamba kijani na bluu kali sana za skrini hazitatoka vilevile kwenye karatasi.