Moto wa Makuti Haungoji Gari

Mji wa Kale wa Lamu huungulia juu. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, haziwaki. Kinachowaka ni paa la makuti na boriti za mikoko. Ndiyo maana nyumba mbili zenye kuta imara huteketea pamoja: mapaa yake yanakaribiana. Katika mtaa wa Langoni, ambako makuti ni mengi kuliko mtaa wa Mkomani, jambo hili lizungumzwe kila msimu.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na makuti ni sehemu ya sura yake. Sisemi yang'olewe yawekwe mabati. Nasema tuyajue. Makuti hupangwa yakilaliana, hewa ikipita katikati. Kinachoipoza nyumba ndicho kinachoupa moto pumzi. Cheche ikinasa upande wa ndani, ambako mvua haifiki, paa zima hushika kwa dakika chache. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, makuti ni makavu na upepo una nguvu. Vipande vinavyowaka huruka kichochoro na kutua kwa jirani. Kwa hiyo msijazane mbele ya nyumba inayoungua. Tazameni mapaa ya upande unakoelekea upepo.

Vichochoro vyetu ni vya watu na punda, gari la zimamoto halipiti. Dakika za mwanzo ni za majirani. Pigeni kelele, toeni watu, wazee na watoto wa ghorofani kwanza. Pigeni 999 au 112, zimeni umeme kwenye meni swichi. Kisha lowesheni mapaa ambayo bado hayajashika. Moto ukizidi, vuteni makuti ya nyumba inayofuata kwa miti mirefu yenye kulabu ili moto ukute pengo. Mwenye nyumba atalia, na ana haki, lakini paa husukwa upya. Mtaa upatane mapema: nani ana ngazi, kulabu ziko wapi, birika (tangi) la nani lina maji.

Wazee waliweka jiko juu ya nyumba, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto vitoke. Kwa kuni ilikuwa busara. Gesi ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kushuka ngazi, ikakutana na mshumaa au chetezo cha ubani chumba cha chini, mbali na mtungi. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje.

Mafuta ya mahamri au bajia yakishika moto, usiyamwagie maji. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kama mara 1,700 ya awali, na mlipuko huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi kwenye makuti. Zima jiko kama unalifikia, funika karai kwa kifuniko cha chuma, liache lipoe.

Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si ute wa yai, si unga. Malengelenge yasitumbuliwe. Aliyeungua uso au mikono, na mtoto mdogo yeyote, apelekwe hospitali hata asipolalamika: jeraha lililozama huweza lisiume, kwa kuwa mishipa ya fahamu nayo imeungua.