Divai ya Bordeaux kuchanganywa sio kuchakachuliwa

Hii nimeisikia miaka mingi, eti divai nyekundu ya zabibu mchanganyiko ni makapi yaliyobaki, ya zabibu aina moja ndo bora. Hapana jamani. Bordeaux kule Ufaransa wanachanganya karibu zote nyekundu, hata Château Margaux, divai ya shamba maarufu la huko iliyowekwa daraja la kwanza mwaka 1855, ni mchanganyiko.

Sababu iko shambani. Zabibu aina ya Cabernet Sauvignon inachelewa kuiva, ngozi yake nene, inaleta ule ukakasi unaokausha ulimi, na aina nyingine, Merlot, inawahi kuiva, ni laini, inajaza mdomo, sasa mvua za vuli zikiwahi au baridi ikipiga maua mapema basi angalau moja inapona. Kila aina inachachushwa peke yake, halafu wanaonja wanapima ndo wanaunganisha, na hiyo kazi ya kuonja mimi naiheshimu sana.

Kwenye chakula, ukakasi unataka mafuta na nyama. Kule Pauillac, mji wa huko huko Bordeaux, wanakula na mwanakondoo wa kuchoma, na kweli vinapendana, divai inalainika kabisa. Pilipili kali achana nayo, inafanya ukakasi uwe mchungu.