Bosi Mkali na Ofisi Iliyonyamaza

Katika mafunzo ya uongozi, kuna kauli inayojirudia kila ukiwauliza mameneja kwa nini vikao vyao vinaisha bila mtu kupinga lolote: "Watu wetu ndivyo walivyo, wanasubiri waambiwe." Kauli hiyo ina ukweli kiasi. Tatizo ni kwamba humtoa bosi mwenyewe kwenye hesabu.

Ukweli wake ulipimwa zamani. Kati ya 1967 na 1973, mtafiti Mholanzi Geert Hofstede alikusanya zaidi ya majibu 100,000 ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika nchi nyingi. Moja ya vipimo vyake aliita umbali wa madaraka, yaani kiasi ambacho walio chini wanaona ni kawaida wakubwa kuamua peke yao. Kipimo hicho kilijengwa juu ya maswali 3 tu, na mojawapo liliuliza ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kumwambia meneja kuwa hawakubaliani naye. Namba ikiwa kubwa, umbali ni mkubwa: Denmark ilipata 18, Uholanzi 38, Marekani 40, Afrika Mashariki 64, Malaysia 104.

Kabla hatujaishika hiyo 64 kama cheti cha kuzaliwa, tukumbuke ilivyopatikana. "Afrika Mashariki" ya Hofstede ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizojumlishwa pamoja, tena kwa majibu ya waajiriwa wa kampuni moja ya kigeni. Ni wastani wa kundi. Haikuambii chochote kuhusu mkuu wa kitengo chako wala mhasibu aliyeajiriwa juzi.

Udhaifu wa kutegemea wastani wa taifa unaonekana vizuri zaidi kwenye usafiri wa anga, kwa sababu huko maneno ya mkubwa na mdogo hurekodiwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege ya KLM ya Uholanzi ilianza kukimbia ili ipae huku ndege ya Pan Am ikiwa bado iko kwenye njia ya kurukia mbele yake. Rubani mkuu wa KLM hakuwa mtu wa kawaida: ndiye aliyeongoza mafunzo ya marubani wa Boeing 747, na picha yake ilitumika kwenye matangazo ya kampuni. Msaidizi wake alikuwa amepimwa naye uwezo wa kurusha ndege hiyo muda mfupi kabla. Msaidizi alimkumbusha mara moja kwamba hawajapata ruhusa. Baadaye, ndege ikiwa tayari inakimbia, mhandisi aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka. Mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuna aliyeendelea kubisha. Watu 583 walikufa.

Hao ni Waholanzi, watu wa 38, ambao kwa mujibu wa jedwali la Hofstede wangepaswa kumbishia bosi bila kusita.

Sasa weka pembeni yake ajali ya Kenya Airways iliyotokea Douala, Cameroon, usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ambapo wote 114 waliokuwamo walipoteza maisha muda mfupi baada ya kupaa. Ripoti ya uchunguzi ilitaja uratibu hafifu kati ya marubani, na haikukwepa kugusa haiba zao: mkuu mwenye sauti ya amri, na msaidizi mpole asiyezoea kubishana. Mataifa mawili yaliyo mbali kabisa kwenye jedwali, na ndani ya chumba cha rubani hali ikafanana: cheo kikubwa, haiba nzito, na mdogo asiyekazana.

Ninavyoliona jambo hili, utamaduni haumuumbi bosi mkali. Wakali wako Copenhagen na wako Dodoma. Tofauti ni kwamba kule ukali una uwezekano mkubwa zaidi wa kujibiwa, huku kwetu unapokewa kwa "sawa mkuu", kisha watu wanaendelea na kazi wakijua kabisa mpango hautafanikiwa. Kwa hiyo haiba ya meneja wa Dar es Salaam au Nairobi ina uzito kuliko ya mwenzake wa Denmark, maana vizuizi vinavyoipunguza kasi ni vichache.

Na haiba hiyo tunaichagua wenyewe. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa 2002, ulionyesha kuwa katika sifa tano kuu za haiba, uchangamfu ni miongoni mwa zinazohusiana zaidi na mtu kuonekana kiongozi. Ndiyo maana kwenye usaili msemaji hodari humpita msikilizaji mzuri. Tunampandisha cheo, halafu tunashangaa haambiliki.

Mifumo ya kuazima pekee haitibu hili. Mwaka 2004 serikali ya Tanzania ilianzisha OPRAS, tathmini ya wazi ambayo mtumishi na msimamizi wake walitakiwa kukaa na kukubaliana malengo ya mwaka. Wazo zuri, ila lilidhani kwamba mdogo anaweza kumwambia mkubwa, "Lengo hili halitekelezeki." Penye hofu, fomu hujazwa upande mmoja na kusainiwa pande zote mbili.

Wenzetu wa anga walifanya jambo la maana zaidi. Baada ya warsha ya 1979 ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mashirika, likiwamo United Airlines mwaka 1981, yalianza kuwafundisha marubani wadogo namna ya kusisitiza hoja, na wakubwa namna ya kuipokea. Hawakusubiri taifa libadilike wala mtu azaliwe upya. Walibadilisha utaratibu wa kazi.

Ofisini inawezekana pia, tena bila kuvunja heshima. Shikamoo ibaki pale pale. Bosi azungumze mwisho kikaoni, na mwenye cheo cha chini aanze. Badala ya "tumekubaliana?", aombe kila mmoja ataje sababu moja inayoweza kuukwamisha mpango. Anayeona aibu kusema mbele ya watu aruhusiwe kuleta dokezo. Bodi nayo, inapomtathmini meneja, ifungue mihtasari ya vikao vya robo mwaka iliyopita na kuhesabu mapendekezo yake yaliyorekebishwa na walio chini yake. Likikosekana hata moja, wamwite na kumuuliza kwa nini.